Pistoni Mpya, Silinda Kuukuu: Ufungaji wa Pistoni na Ringi katika Injini ya Mipigo Miwili, na Kiswahili cha Gereji

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza, hatua kwa hatua, namna ya kufunga pistoni na ringi mpya katika injini ya pikipiki ya mipigo miwili. Msomaji wa jarida hili ana haki ya kushangaa. Amezoea kukutana humu na makala kuhusu ngeli, arudhi, riwaya na tamthilia, pistoni imeingiaje? Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, nimelipia somo hili kwa fedha yangu na nusura nililipie kwa uhai. Ninaendesha Yamaha AG100 niliyoachiwa na baba mdogo, aliyekuwa afisa wa kilimo wa nyanjani. Pikipiki hiyo ndiyo inayonitoa Kawangware asubuhi kwenda chuoni, na jioni hunifikisha Kangemi na Uthiru ninakofundisha watoto wa watu majumbani mwao. Karo yangu ya uzamili inatoka huko. Ilipoanza kupoteza nguvu, nilinunua pistoni na ringi mpya katika duka moja la vipuri katikati ya jiji, na kijana mmoja wa jirani na duka hilo akazifunga alasiri iyo hiyo bila kupima chochote. Siku ya nne, nikiwa ninapanda Waiyaki Way kutoka Museum Hill kuelekea Westlands, injini ilishika ghafla, gurudumu la nyuma likaganda, nami nikaanguka mbele ya matatu iliyofunga breki hatua chache kutoka kichwani pangu. Pistoni ilikuwa mpya kabisa.

Pili, fundi wa Kawangware aliyenirekebishia baadaye alinieleza kosa lililotendeka, na kazi nzima ya kulisahihisha, kwa Kiswahili. Nilikaa naye siku mbili. Kwa mtu ambaye amesikia mara nyingi, hata ndani ya kumbi za mihadhara, kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba maarifa ya ufundi, siku hizo mbili zilikuwa semina. Kwa hiyo makala haya yana hoja moja yenye pande mbili: kazi ya pistoni ni kazi ya kipimo, na lugha ya kueleza kipimo hicho tunayo tayari, ila hatuitafuti mahali ilipo.

Injini ya mipigo miwili ni ipi?

Kila injini ya aina hii hufanya mambo manne: huvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, huubana, huuchoma, kisha hutoa moshi. Injini ya mipigo minne hugawa kazi hizo katika safari nne za pistoni, mbili za kupanda na mbili za kushuka, na hutumia vali kufungua na kufunga njia. Injini ya mipigo miwili huzimaliza kazi zote hizo katika safari mbili tu: pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, mzunguko umekamilika. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyeipa injini hii umbo lake sahili mwanzoni mwa miaka ya 1890, baada ya Mskoti Dugald Clerk kutangulia na umbo la awali zaidi.

Usahili huo una gharama yake, na ni muhimu msomaji auelewe kabla hatujashika spana. Silinda ya injini hii ina milango iliyotobolewa ubavuni mwake: mlango wa kutolea moshi na milango ya kupitishia mchanganyiko mbichi. Katika injini ndogo za kawaida hakuna vali juu ya silinda. Pistoni yenyewe ndiyo inayoifungua na kuifunga milango hiyo inapopita. Aidha, pistoni inaposhuka huubana mchanganyiko ulio chini yake, ndani ya kasha la krenki, na kuusukuma kupanda juu. Hivyo basi pistoni ni msukumaji, ni bawabu wa milango, na ni pampu. Ikilika, injini hupungukiwa na nguvu, na pia huanza kupumua vibaya.

Jambo la pili ni oili. Kwa kuwa kasha la krenki ni njia ya petroli na hewa, haliwezi kuwa pia bwawa la oili kama ilivyo katika injini ya mipigo minne. Oili ya kulainisha pistoni huingia pamoja na petroli na kuungua nayo, ndiyo maana pikipiki hizi hutoa moshi wa samawati. Katika baadhi ya pikipiki mwenyewe huichanganya oili katika tangi. Katika AG100 kuna tangi dogo la oili na pampu inayoipeleka kidogo kidogo. Oili hiyo ikikosekana kwa dakika chache tu, pistoni hushika.

Ni kweli kwamba leo pikipiki hizi si nyingi Nairobi. Pikipiki za bodaboda zilizofurika nchini baada ya serikali kuondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 karibu zote ni za mipigo minne. Hata hivyo, Yamaha na Suzuki za mipigo miwili zilizobeba maafisa wa kilimo, wa mifugo na wa afya kwa miongo kadhaa bado zingalipo, na injini za jamaa hiyo zimo katika misumeno ya kukatia miti na mashua za uvuvi. Anayejua kuifunga moja ameshajua mengi kuhusu zote.

Dalili na chanzo

Mafundi husema pikipiki ‘haivuti’. Mlima iliokuwa ikiupanda kwa gia ya tatu sasa inauomba gia ya pili, kisha ya kwanza. Ukipiga kiki, mguu hauhisi upinzani. Unashuka kana kwamba unakanyaga pamba. Injini huwaka kwa taabu, hasa asubuhi, na ikishawaka husikika mlio wa kugongagonga ambao hupungua injini ikipata moto. Mlio huo ni wa pistoni ‘kucheza’ ndani ya silinda iliyopanuka. Upungufu wa mbano huthibitishwa kwa geji inayofungwa mahali pa plagi.

Hapa ndipo pana kosa la kwanza, ambalo hufanyika kabla hata ya kufungua nati moja: mtu huiona pistoni iliyolika akadhani ugonjwa ni pistoni. Pistoni iliyolika ni dalili. Fundi wangu, kabla ya kugusa injini, alikifungua kichungio cha hewa. Kilikuwa kimeraruka pembeni, mwanya wa kutosha kupitisha ncha ya kidole. Vumbi la njia za ndani za Kawangware na Dagoretti lilikuwa likiingia kwa miezi, likijichanganya na oili na kuwa kama msasa unaopanda na kushuka maelfu ya mara kila dakika. ‘Mwalimu,’ aliniambia, ‘hata ungefunga pistoni ya dhahabu, vumbi lingeila.’

Vyanzo vingine ni pampu ya oili isiyorekebishwa au mrija wake ulioingiwa na hewa, oili isiyofaa, na uvujaji wa hewa kati ya kabureta na silinda, ambao huufanya mchanganyiko uwe na petroli haba na moto mkali. Pistoni ya zamani yenyewe hutoa ushahidi. Mikwaruzo myembamba ya wima pande zote huashiria vumbi. Alumini iliyoyeyuka na kupakaa ubavuni huashiria joto au ukosefu wa oili. Weusi uliopita chini ya ringi huashiria kwamba ringi zimeacha kuziba. Kwa hiyo pistoni ya zamani haitupwi hadi isomwe.

Kufungua

Kabla ya kufungua, injini husafishwa nje, kwa sababu mchanga ulio juu yake utaangukia ndani. Plagi, ekzosi na kabureta huondolewa. Nati za kichwa cha silinda hulegezwa injini ikiwa baridi, kidogo kidogo na kwa kupishana pembe, ili kichwa kisipinde. Kisha silinda huinuliwa taratibu, moja kwa moja juu.

Pindi sketi ya pistoni inapoanza kuonekana, kitambaa safi huzungushwa konrodi na kuuziba mdomo wa kasha la krenki. Hatua hii huonekana ndogo, lakini klipu moja ikiangukia humo ndani, kazi ya siku moja hugeuka kuwa ya wiki, maana huenda injini ikabidi ipasuliwe yote. Klipu hutolewa kwa koleo jembamba, pini ya pistoni husukumwa nje, na pistoni huachana na konrodi. Beringi ya sindano iliyo katika jicho la konrodi hukaguliwa. Ikiwa inacheza, hubadilishwa. Konrodi nayo huvutwa juu na chini: ikiwa ina mchezo wa wima, tatizo limo ndani ya krenki, na pistoni mpya itakuwa imefungwa juu ya nyumba inayoporomoka.

Kipimo

Sasa tumefika kwenye kiini cha kazi yote. Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi upande wa juu, ambapo moto ni mkali na ringi husukumwa nje kwa nguvu, na huweza kulika zaidi kwa mbele na nyuma kuliko kwa pembeni. Mdomo wake wa juu kabisa, ambao ringi hazifiki, hubaki na kipenyo cha awali. Matokeo ni kingo ndogo, kizingiti cha chuma ambacho jicho huenda lisikione lakini ukucha ukipitishwa hukwama.

Kizingiti hicho ndicho kilichoniangusha Waiyaki Way. Ringi ya zamani huwa imelika pamoja na silinda, na pembe yake ya juu imeviringika. Hupita chini ya kizingiti bila kukigusa. Ringi mpya ina pembe kali. Ilikigonga kizingiti kila pistoni ilipopanda, hadi ikavunjika, na kipande kikajikabari kati ya pistoni na mlango wa moshi. Upya wa kipuri ndio uliokiharibu, kwa kuwa kilitiwa katika nyumba kuukuu.

Kwa sababu hiyo silinda hupimwa mahali pasipopungua sita: juu, katikati na chini, kila mahali kwa mielekeo miwili inayokatana. Pistoni nayo hupimwa kwa maikromita kwenye sketi, karibu na chini, kwa mwelekeo unaokatana na ule wa pini. Haipimwi popote tu, kwa kuwa pistoni si duara kamili wala haina upana mmoja: imefanywa yai kidogo, na nyembamba zaidi juu, ili ikipata moto ijae vizuri. Alumini ya pistoni hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha silinda kwa joto lile lile. Tofauti ya kipenyo cha silinda na cha pistoni ndiyo nafasi ya kuchezea. Katika injini ndogo inayopozwa kwa hewa nafasi hiyo huwa takriban milimita 0.04 hadi 0.05, yaani chini ya unene wa unywele wa kawaida. Kitabu cha pikipiki husika ndicho hutoa kauli ya mwisho. Ikizidi, pistoni hupigapiga. Ikipungua, pistoni hutanuka na kushika.

Ikiwa silinda imelika kupita kiwango, hupanuliwa kwa mashine na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huuzwa kwa ngazi, kwa kawaida milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 juu ya kipimo cha kiwandani, na alama ya ngazi hupigwa juu ya kichwa chake. Hapa kuna kanuni ambayo wengi huigeuza: pistoni hununuliwa kwanza, kisha silinda hupanuliwa kuifuata pistoni hiyo hasa iliyo mkononi. Namba iliyopigwa juu yake ni ahadi tu. Maikromita ndiyo huthibitisha.

Tulikwenda pamoja Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee na mafundi bado huiita Grogan. Kuanzia mzunguko wa Globe kushuka, ni maduka ya vipuri na karakana za kukereza yaliyosongamana, na mtu asiyejua anachokitaka huuzwa anachokiogopa kukiuliza. Fundi alichagua pistoni, akaipima palepale, akaiandika kwenye karatasi, kisha akapeleka pistoni na silinda kwa mkereza pamoja. Nilikuwa nimezipitia maabara za isimu na sijawahi kuona uangalifu wa kipimo kama ule.

Upanuzi ukikamilika, mambo mawili hubaki. La kwanza, kingo za milango zilizoachwa kali na mashine lazima zilainishwe kwa tupa ndogo au jiwe, maana ringi hupita juu ya milango hiyo kila mzunguko na hutokeza nje kidogo zinapopita. Kingo kali itainasa. Kazi hii haipo katika injini ya mipigo minne, na fundi aliyezoea injini hizo peke yake huweza kuisahau. La pili, ukuta wa silinda huachwa na mistari myembamba inayokatana mfano wa msuko wa mkeka, ili kuishikilia oili na kuziwezesha ringi kujikalia. Kisha silinda huoshwa kwa maji moto na sabuni. Petroli haitoshi, huyeyusha mafuta lakini huacha unga wa jiwe katika mistari. Kitambaa cheupe hupitishwa ndani hadi kitoke cheupe, na papo hapo silinda hupakwa oili isipate kutu.

Ringi

Ringi ni duara la chuma lililokatwa mahali pamoja ili liweze kubanwa na kujitanua. Kabla ya kuvishwa pistoni, kila ringi hutiwa peke yake ndani ya silinda na kusukumwa chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Kisha mwanya ulio kati ya ncha zake mbili hupimwa kwa mabamba membamba ya kupimia, ambayo mafundi huyaita fila. Kwa injini ndogo mwanya wa kawaida ni baina ya milimita 0.15 na 0.35. Ukiwa mdogo mno, ncha zitagusana ringi ikipata moto na itavunjika au kuikwaruza silinda. Hupanuliwa kwa kupitisha tupa polepole. Ukiwa mkubwa mno, mbano huvuja.

Katika pistoni ya mipigo miwili, kila mfereji wa ringi una kijiti kidogo kilichopigiliwa. Ncha za ringi hukikumbatia kijiti hicho, nacho huizuia ringi isizunguke. Sababu ni ile milango: ringi ikizunguka, ncha zake zitafika mlangoni, zitachomoza na kukatika. Ringi huvishwa kwa vidole gumba viwili vikizitanua ncha kwa kiasi cha lazima tu, ile ya chini kwanza. Herufi iliyochorwa karibu na ncha hutazama juu. Ringi ya juu na ya chini huweza kufanana kwa macho na kutofautiana kwa umbo la ubavu, kwa hiyo hazichanganywi.

Kufunga

Juu ya kichwa cha pistoni pana mshale. Mshale huo huelekea mlango wa moshi. Ukigeuzwa, vile vijiti vitajikuta mbele ya milango badala ya penye ukuta mzima, na yale niliyoeleza hapo juu yatatokea. Beringi hupakwa oili, pini huingizwa, na klipu mpya hutiwa pande zote mbili. Klipu za zamani hazirudishwi kamwe, hata zikionekana nzima, kwa kuwa zikishabanwa mara moja nguvu yao ya kujitanua hupungua. Mwanya wa klipu hutazama juu au chini, wala haulingani na kile kipengele kilichokatwa kwenye pistoni kwa ajili ya kuingizia koleo. Kisha klipu husukumwa kwa ncha ya bisibisi kuhakikisha imekaa katika mfereji wake. Klipu iliyochomoka huikata silinda kama patasi.

Gasketi mpya huwekwa chini ya silinda. Pistoni, ringi na ukuta wa silinda hupakwa oili. Ncha za kila ringi huthibitishwa tena kuwa zimekikumbatia kijiti, ringi hubanwa kwa vidole, na silinda huteremshwa wima. Hapa mkono hutakiwa kuwa mpole. Silinda haizungushwi kushoto wala kulia, na haisukumwi kwa nguvu: ikikataa kushuka, kuna ringi iliyokataa, na dawa ni kuinua na kutazama. Ringi zikishaingia, kitambaa huondolewa. Nilimwona fundi wangu akikihesabu kitambaa chake na klipu zake za zamani kabla ya kuishusha silinda yote, kama daktari mpasuaji anavyohesabu pamba.

Kichwa hufungwa kwa gasketi mpya, na nati hukazwa kwa kupishana pembe, katika awamu mbili au tatu, hadi kiwango kilichotajwa katika kitabu. Kiki husukumwa kwa mkono mara kadhaa kusikiliza kama kuna kinachokwama. Mrija wa oili hutolewa hewa. Kichungio kipya hutiwa. Hapo ndipo injini huwashwa.

Kulea injini

Injini huachwa iungurume dakika chache, huzimwa na kuachwa ipoe kabisa, kisha huwashwa tena. Baada ya kupoa, nati za kichwa huhakikiwa upya. Kwa kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo mwendeshaji hatakiwi kuifungua zaidi ya nusu, wala kuilazimisha kupanda mlima kwa gia nzito, wala kuiendesha kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ringi na ukuta wa silinda bado hazijazoeana. Kila kimoja kinasugua vilele vidogo vya mwenzake hadi vikaliane. Joto likizidi wakati huo, pistoni itashika.

‘Ilee,’ fundi aliniambia alipokuwa akinipa ufunguo. ‘Mtoto mchanga habebeshwi gunia.’ Kwa wiki tano nilikuwa natoka Kawangware nusu saa mapema, nikipita Gitanga Road na James Gichuru Road polepole, nikipitwa na kila kitu chenye magurudumu. Haraka haraka haina baraka. Methali niliyoifundisha kwa miaka kadhaa sasa nilikuwa ninaiendesha.

Lugha ya gereji

Nimeeleza kazi yote bila kukimbilia Kiingereza, na sikulazimika kubuni neno. Tuyatazame basi maneno yenyewe. Nomino nyingi ni za mkopo: pistoni, ringi, silinda, gasketi, kabureta, plagi, krenki, konrodi, klipu, fila. Mwanaisimu anayehesabu nomino peke yake ataondoka gerejini akisema kwamba hapa hapana Kiswahili. Lakini nomino hutaja vitu. Kazi yenyewe hutajwa na vitenzi. Na vitenzi tulivyotumia ni hivi: kubana, kukaza, kulegeza, kucheza, kushika, kuvuta, kuvuja, kukereza, kukwaruza, kulika, kukalia, kulea.

Kitenzi ‘kucheza’ kinastahili kutajwa peke yake. Kwa fundi, beringi ‘inacheza’ inapokuwa na nafasi kuliko inavyopaswa, na kutokana na kitenzi hicho hupatikana nomino ‘mchezo’, kwa maana ya kiasi cha nafasi hiyo. Hivi ndivyo fundi anavyotaja dhana ambayo mhandisi huipima kwa maikromita. Vilevile, tazama tofauti ya ‘imelika’ na ‘imeliwa’. Silinda iliyolika imechakaa katika utendaji wake. Pistoni iliyoliwa na vumbi ina mshtakiwa. Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa zinabeba tofauti ya dalili na chanzo, tofauti ambayo kijana wa kwanza hakuifuata, nami nikaanguka. Minyambuliko tunayoifundisha darasani kwa mifano ya ‘pika, pikia, pikika’ inafanya kazi ya uchunguzi wa kiufundi chini ya mabati ya Kawangware.

Si kwamba vitenzi vyote ni vya asili. ‘Kunoki’, yaani injini kuharibika kwa ndani, kimetoka Kiingereza bila kificho. Hata hivyo kimeshavaa viambishi vyetu: imenoki, ikinoki, isinoki. Neno likishakubali ‘-si-’ ya ukanushi, limeshahamia.

Juhudi za kuunda istilahi zimekuwapo kwa muda mrefu. BAKITA iliundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi za taaluma mbalimbali, ikiwemo ile ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990. Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na ile ya lugha ya taifa. Sidharau kazi hizo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba orodha ya istilahi hutupa jina la kitu, wala haituambii kama silinda huteremshwa kwa kusukuma au kwa kusubiri. Maarifa hayo yamo katika sentensi, na sentensi zimo vinywani mwa watu ambao hatuwaaliki katika makongamano yetu.

Hitimisho

Pistoni mpya haiponyi injini. Kinachoiponya ni kuitafuta sababu ya uharibifu, kupima, kuipanua silinda ifuate pistoni, kulainisha kingo za milango, kuziheshimu ncha za ringi, na kuilea injini hadi viungo vyake vizoeane. Anayeruka kipimo ili kuokoa alasiri moja huilipia baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na barabarani huenda usipate nafasi ya kuujenga.

Napendekeza kwa wanachama wenzangu jambo moja linalotekelezeka. Kila mmoja wetu anayetafuta mada ya utafiti wa istilahi na akae siku mbili katika gereji, kwa mshonaji, kwa seremala au kwa mvuvi, na aandike si orodha ya majina bali maelezo kamili ya kazi moja, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa maneno ya mwenye kazi. Kisha amrudishie mwenye kazi na kumsomea. Nilimsomea fundi wangu rasimu ya makala haya chini ya mwembe ulio karibu na karakana yake. Alinisahihisha mara mbili: mahali nilipoandika kwamba klipu ya zamani hurudishwa ikiwa nzima, na mahali nilipoandika ‘funga nati’. Nati ya kichwa, alisema, haifungwi tu, hukazwa. Nimerekebisha zote mbili.